Mlango Uliofungwa kwa Ndani

Msomaji wa hadithi ya upelelezi ana kumbukumbu ya mtu anayekudai. Hilo nililijua miaka ya tisini, nilipokuwa nikisimamia ukurasa wa hadithi za mfululizo katika gazeti moja la wiki hapa Dar es Salaam. Magazeti yalikuwa yamezuka kila kona, na karibu kila moja lilitaka hadithi inayoishia na neno "itaendelea", ili mnunuzi arudi wiki ijayo. Siasa ilikaa ukurasa wa mbele. Lakini wauza magazeti wa Posta walituambia bila kificho kwamba wapo wateja wanaolipa, wanaligeuza gazeti kinyumenyume, na kuanza kusoma ndani, kwenye maiti yao.

Miswada ilikuja kwa njia zote. Mingi iliandikwa kwa mkono kwenye madaftari ya shule, kalamu ya bluu ikiisha wino katikati ya mauaji na nyekundu ikichukua zamu. Mingine ilipigwa taipureta ofisini kwa mtu, kwa karatasi za mwajiri. Walioandika walikuwa makarani, walimu, askari magereza, kondakta mmoja wa basi la mkoani. Wengi walijua kuua. Waliojua kueleza kwa nini mtu amekufa, na kwa namna ambayo msomaji angeweza kuigundua mwenyewe kama angetulia, walikuwa wachache mno.

Chukua hadithi ya mfanyabiashara wa mahindi aliyekutwa amekufa katika chumba cha gesti Manzese. Mwandishi wake alikuwa na mkono mwepesi. Alizijua gesti za wakati ule: shuka lenye jina la nyumba limeandikwa kwa wino usiotoka, ndoo ya maji nje ya mlango, kandambili zisizolingana. Katika sehemu ya tatu mhudumu anagonga, haitikiwi, anainama kuchungulia tundu la kitasa, haoni kitu kwa sababu ufunguo umo, umechomekwa kwa ndani. Wanavunja mlango. Wasomaji walikaa mkao wa kula. Sehemu ya saba muuaji anakamatwa Kibaha, anakiri, na kueleza kwamba alipomaliza kazi yake alitoka, akarudishia mlango, akaondoka zake.

Wiki iliyofuata barua zikaanza. Moja ilitoka Tabora, mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika kumbukumbu za vikao. Alikuwa anakata kila sehemu ya hadithi na kuibandika kwenye daftari, kwa hiyo alinitajia hadi aya. Swali lake lilikuwa moja: aliyeuzungusha ule ufunguo ni nani? Nilimpelekea mwandishi barua hiyo. Akacheka, akaniambia watu wanataka damu na mapenzi, hawana habari na vitasa. Nikamwonyesha lundo la barua nyingine. Hakuna hata moja iliyouliza habari za mapenzi.

Mlango ule una ukoo mrefu. Hadithi ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya aina hii, "The Murders in the Rue Morgue" ya Mmarekani Edgar Allan Poe, ilitoka katika jarida la Graham's mwaka 1841, nayo pia ina chumba kilichofungwa kwa ndani. Mama na binti yake wameuawa nyumbani kwao Paris, ghorofa ya nne. Majirani waliokimbilia ngazi walisikia sauti mbili zikigombana. Ya kwanza ilikuwa ya Mfaransa, na juu ya hilo hakuna ubishi. Ya pili ndiyo balaa. Mfaransa anasema ilikuwa ya Mhispania. Mholanzi anashikilia kwamba ilikuwa ya Mfaransa, ingawa yeye mwenyewe Kifaransa hakijui na anahojiwa kwa mkalimani. Mwingereza anasema Mjerumani, Mhispania anasema Mwingereza, Mwitalia anasema Mrusi. Kila shahidi ana hakika na lugha asiyoielewa. Yeyote aliyepanda daladala anawajua mashahidi hawa: mtu anaongea kwa simu kiti cha nyuma, abiria mmoja anaapa huyo ni Msukuma, mwenzake anasema wapi, Mnyamwezi huyo, na wote wawili ni Wazaramo.

Kinachonivutia ni mahali Poe alipouweka ushahidi huo. Hakuuficha. Umo katika taarifa ya gazeti ambayo Dupin, mpelelezi wake, anaisoma pamoja nasi. Kuhusu sauti hizo, tunayo yote aliyonayo yeye. Sisi tunashughulika kuchagua ni taifa gani kati ya yaliyotajwa. Yeye anajiuliza ni sauti ya namna gani ambayo hakuna sikio lililoitambua hata neno moja. Sauti ile haikuwa na lugha. Aliyeua alikuwa orangutani, nyani mkubwa wa Borneo aliyemtoroka baharia, na nalisema hili bila kuona haya kwa sababu hadithi ina miaka zaidi ya mia na themanini. Sipendi sana huyo nyani. Anapunguza uzito wa hadithi, maana hana nia, na mauaji yasiyo na nia ni ajali tu. Lakini zile sauti za ngazini bado ni kazi safi kuliko nyingi zilizofuata.

Tuliwahi kuletewa mswada ambao mwandishi aliutetea kwa kusema kwamba hata Waarabu wa kale walisimulia mauaji bila kujisumbua na ushahidi. Alikuwa na hoja. Katika Alfu Lela Ulela kimo kisa cha matofaa matatu: mvuvi anavua sanduku katika mto Tigris, ndani yake mna mwili wa mwanamke aliyekatwa vipande, na Harun Rashid anampa waziri wake Jaafar siku tatu amtafute muuaji, la sivyo atauawa yeye. Jaafar anafanya nini? Anakwenda kukaa nyumbani. Siku ya kunyongwa inapofika, wanajitokeza watu wawili wenyewe, kila mmoja akidai kuwa ndiye aliyeua. Baadaye anatumwa kumtafuta mtumwa aliyesababisha maafa yote, na anamgundua kwa sababu binti yake mdogo anamuaga akiwa na tofaa mfukoni, alilolipata kwa mtumwa huyo. Ni kisa kitamu, na moyo unadunda mpaka mwisho. Ila mle ndani hakuna aliyepeleleza. Kudra ndiyo iliyofanya kazi, na kudra haimpi msomaji nafasi ya kushindana na mtu. Nilimrudishia mwandishi yule daftari lake.

Waingereza wa kipindi cha kati ya vita kuu mbili waliligeuza jambo hili la kumtendea msomaji haki kuwa karibu sheria. Ronald Knox, padri wa Kikatoliki aliyekuwa pia akiandika hadithi za upelelezi, alitoa amri zake kumi mwaka 1929. Mwaka uliofuata waandishi wa London wakaanzisha Detection Club, ambako mwanachama mpya aliapishwa kwamba wapelelezi wake hawatategemea miujiza wala bahati nasibu. Baadhi ya amri za Knox zilinisaidia kazini kuliko kitabu chochote cha uhariri: njia ya siri isizidi moja, pacha wasiibuke bila msomaji kuandaliwa, mpelelezi asiwe ndiye muuaji, na kila anachokiona mpelelezi msomaji naye akione. Ipo pia inayosema Mchina asiwemo hadithini, ambayo mimi naisoma kuwa kejeli kwa vitabu vya bei chee vya wakati ule vilivyomtwika mgeni kila uovu. Ningeweza kuibandika ukutani, nibadilishe kabila tu. Tulipokea miswada chungu nzima ambayo muuaji anajulikana tangu aya ya pili kwa kuwa ana lafudhi ya ng'ambo ya mpaka.

Amri iliyonipa taabu ni ile inayofukuza nguvu za kichawi. Padri wa Uingereza anaweza kuzifukuza kwa sentensi moja. Mhariri wa Dar es Salaam hawezi. Hapa mtu akifa ghafla, swali la nani aliyemroga huulizwa hata na watu wenye shahada, wakishusha sauti kidogo. Mwandishi akiandika kijiji ambacho hakuna anayewaza uchawi, ameandika kijiji cha uongo. Na akimleta mganga apige ramli na kumtaja muuaji, ameiua hadithi.

Jibu lilikwisha kutolewa Zanzibar zamani. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Mwili unakutwa mzimuni, mahali ambapo watu wana sababu zao za kupaogopa. Hadithi inaiacha hofu hiyo itande, haiikejeli haraka haraka, kisha inamleta Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, aulize maswali ya kibinadamu: nani alikuwa wapi, nani anamdai nani, na zaidi ya yote nani ni nani kwa nani. Siri za Bwana Msa mara nyingi zimo katika nasaba. Katika visiwa ambako watu wanajuana kwa shangazi na wajomba, mahali pazuri pa kufichia kitu ni ndani ya ukoo wenyewe. Tangu hapo nilikuwa nawaambia waandishi: jini aogopeshe kadiri atakavyo, mganga apige ramli na aelekeze kwa asiye na hatia, watu wakimbie. Lakini mwishoni mkono uliotenda uwe na vidole.

Nimewahi kujiuliza Abdulla aliupata wapi ule utulivu wa kutazama. Kabla ya kuingia kwenye magazeti mwaka 1948 alikuwa mkaguzi wa afya. Nadhani kazi hiyo ilimfaa kuliko shule yoyote ya fasihi. Mkaguzi wa afya huingia majumbani mwa watu bila kualikwa, anaangalia kisima, anaangalia choo, anaambiwa kila kitu ni safi, na lazima aamini macho yake kuliko mdomo wa mwenye nyumba. Arthur Conan Doyle alisomea udaktari Edinburgh, akamwona mwalimu wake Joseph Bell akimsoma mgonjwa kazi na safari zake kabla hajaambiwa lolote; Sherlock Holmes akazaliwa hapo. Agatha Christie alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali ya Torquay wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kitabu chake cha kwanza, The Mysterious Affair at Styles, kilichotoka mwaka 1920, kinategemea jambo ambalo mtu wa dawa tu ndiye angeliwaza: ukitia bromidi ndani ya chupa ya dawa yenye striknini, sumu inajitenga na kutuama chini, na mgonjwa aliyekunywa salama siku zote anakuja kunywa kipimo cha mwisho chenye sumu ya chupa nzima. Muuaji anaweza kuwa mbali kabisa siku hiyo. Kabla ya kuwa mwandishi, yule mama alikuwa mtu aliyesoma lebo.

Kwa hiyo mwandishi mpya akinijia na jambazi, bastola na helikopta, nilimuuliza anafanya kazi gani. Karani wa bandari akiniandikia helikopta nilihuzunika, kwa sababu karani wa bandari anajua namna kontena linavyopotea kwenye karatasi huku limesimama palepale uwanjani.

Sisemi helikopta hazina wapenzi. Elvis Musiba alipomtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, nusu ya darasa letu ilitaka kuwa Willy Gamba, na nusu nyingine ilitaka kuvaa kama yeye. Ben Mtobwa naye alimpa Joram Kiango mji mzima wa Dar es Salaam acheze nao. Hizo ni hadithi za mbio na njama, na raha yake ni kumwona shujaa akiponea tundu la sindano. Hatumsomi Willy Gamba ili tumshinde akili. Tunamsoma ili atushindie watu wabaya. Faraji Katalambulla alipoandika Simu ya Kifo, iliyotoka mwaka 1965, alikuwa upande ule mwingine, wa fumbo na inspekta. Mwandishi ana hiari ya upande, ila asituanzishie fumbo kisha amalize kwa ngumi.

Ofisini kwetu alikuwa akija mzee mmoja, askari mstaafu wa upelelezi. Tulimwita Afande, na shikamoo yake ilikuwa ya kusimama. Alikuja kusoma magazeti bure na kunywa chai, na alilipia vyote viwili kwa maneno. Alizicheka hadithi zetu kimya kimya, mabega yakimtetemeka.

"Mwanangu," aliniambia siku moja, "mimi kesi zangu nyingi nilizipata kwa kukaa. Unakaa kilabuni, unakaa kwa kinyozi, unamnunulia mtu soda. Mtu akiua halafu akanyamaza mwezi mzima, huyo ni nadra sana. Wengi wanasema wenyewe. Au wanalipa madeni."

Nikamuuliza anamaanisha nini, wanalipa madeni.

"Mtu ana madeni mtaa mzima, miaka. Ghafla anaanza kulipa. Anaanza na dukani. Sasa wewe kaa na mwenye duka."

Niliandika hayo pembezoni mwa gazeti. Upelelezi wa kweli, kwa maelezo yake, una kazi nyingi isiyo na utamu wowote: kusubiri ripoti ya daktari, kumtafuta shahidi aliyehamia kwa shemeji yake Morogoro, kulinda kielelezo kisichanganywe na kingine ili wakili asije akakitupa mahakamani. Hadithi haiwezi kuyabeba yote hayo. Lakini hadithi isiyojua kwamba yapo inajulikana, kama alivyosema Afande, kwa namna askari wake wasivyochoka.

Jambo lake jingine lilikuwa la bei kubwa zaidi. Aliniambia kuna tofauti kati ya kujua na kuthibitisha, na kwamba wapelelezi wengi wazuri wamezeeka wakiwa wanajua. Tangu hapo nilianza kuigawa kila hadithi vipande viwili. Kipande cha kwanza, mpelelezi anaona kitu kidogo kinachomwambia atazame wapi. Kipande cha pili, anatafuta kitu kisichobishika. Miswada dhaifu hukosa kimojawapo: ama mpelelezi ni mwerevu wa ajabu na mtu anafungwa kwa sababu ya werevu wake, ama ushahidi unaanguka kutoka mbinguni na werevu hauhitajiki.

Vijana wanaoandika sasa, wengi wakirusha sehemu moja moja kwenye simu za wasomaji kama sisi tulivyofanya gazetini, wananilalamikia kwamba teknolojia imeua fumbo. Kamera ziko kila duka, simu inaonyesha ulipokuwa, na tangu pesa zianze kutumwa kwa simu, Kenya mwaka 2007 na kwetu muda mfupi baadaye, kila senti ina saa na dakika yake. Siwaonei huruma. Rekodi inasema simu ilikuwa Ubungo saa mbili usiku. Haisemi ilikuwa mkononi mwa nani. Mwenye kujua familia ambayo watu wanne wanatumia laini moja ana fumbo tayari.

Mswada bora niliowahi kuushika uliletwa na kijana mwalimu wa shule ya msingi, kutoka upande wa Muheza. Ulikuwa madaftari mawili yaliyoshonwa kwa uzi. Hapakuwa na bastola. Palikuwa na msiba.

Mzee mwenye shamba la michungwa amekutwa amekufa kwenye banda lake, na kwa kuwa alikuwa mtu mzima, kila mtu anachukulia ni presha. Sehemu yote ya pili ni msibani. Wanaume wanafunga turubai, wanawake wamekaa ndani kwenye mikeka, sufuria zinaazimwa, daftari la rambirambi linafunguliwa. Watu wanafika kwa makundi, na kila anayefika, baada ya pole, anauliza swali lile ambalo sote huuliza: ilikuwaje? Alikuwa anaumwa? Mwandishi analirudia swali hilo kwa midomo tofauti. Mjane analijibu, shangazi analijibu, mpaka msomaji anachoka na kuanza kuruka mistari. Katikati ya watu hao yumo mwanamume mmoja mwenye shughuli nyingi kuliko wote. Ndiye aliyeleta sanda, ndiye anayegawa kahawa, ndiye aliyekubali kuwa mweka hazina wa msiba. Anatoa pole kwa machozi. Hajauliza ilikuwaje.

Kijana yule hakupigia mstari. Hakuandika kwamba jambo fulani lilikuwa la ajabu. Alimwacha mtu wake apite na birika, na akaendelea kuhesabu vikombe.

Conan Doyle alifanya jambo la jamaa hiyo mwaka 1892 katika "Silver Blaze", farasi anapoibwa usiku na mbwa wa zizini habweki. Mbwa alinyamaza kwa sababu alimfahamu aliyeingia. Kitu kisichotokea ni kigumu kukiona kuliko vyote. Lakini ili ukione lazima ujue nini kilipaswa kutokea. Ndiyo sababu hadithi ile ya Muheza isingeweza kuhamishiwa mji mwingine kwa kubadilisha majina tu. Inamtegemea msomaji aliyekaa kwenye misiba, anayejua kwamba swali la "ilikuwaje" si udaku, ni sehemu ya pole yenyewe. Kisichoulizwa kinaonekana kwa sababu kila mtu huuliza.

Nilimpa Afande madaftari. Aliyasoma kwa siku mbili tatu, akayarudisha akiwa hacheki.

"Huyu mtoto ana macho," alisema. "Ila jaji hamfungi mtu kwa sababu hakuuliza."

Kweli, katika mswada wa kwanza mpelelezi, ambaye ni muuguzi mstaafu wa zahanati, anamkabili yule bwana mbele ya watu, naye anaanguka na kukiri. Kukiri ni mlango wa nyuma wa waandishi wote. Nilimwandikia kijana kwamba kipande cha kwanza amekipata, atafute cha pili, na asitoke nje ya msiba kukitafuta. Alikaa kimya muda mrefu nikadhani amekata tamaa. Kisha likaja daftari jipya.

Msiba ukiisha, mahesabu husomwa. Mweka hazina anasimama mbele ya ndugu na kutaja kilichoingia na kilichotoka, na kwa kuwa ndugu ni ndugu, anaambatisha stakabadhi. Yule bwana alikuwa mwangalifu wa hesabu. Aliambatisha zote, pamoja na ile ya bafta ya sanda, ya tarehe ileile maiti ilipoonekana. Muuguzi anaomba kuzitazama. Tarehe iko sawa, ila imeandikwa kwa wino tofauti kidogo na wa namba za bei. Anakwenda dukani kununua kanga, anamwomba mwenye duka amwonyeshe kitabu chake cha stakabadhi. Nakala za kaboni zimo kwa mpangilio wa namba, na namba ya bafta ile imekaa katikati ya mauzo ya siku iliyotangulia. Sanda ilinunuliwa mzee akiwa bado anachuma machungwa.

Sikubadilisha kitu zaidi ya nukta na mkato. Na tazama namna vilivyopangwa: sanda ilitajwa sehemu ya pili, pamoja na nani aliyeileta. Uweka hazina ulitajwa hapohapo. Msomaji alikuwa na kila kitu mkononi, akakipita akitafuta sumu na visu.

Tulianza kuichapisha. Baada ya sehemu ya tatu ikaja barua kutoka Mtwara, ya mama mmoja. Alisema anamshuku mgawa kahawa, na akataja sababu: huyo baba haulizi. Kijana nilipompigia simu ya shuleni kumweleza, alishtuka. Alitaka tugeuze, muuaji awe mtu mwingine, shemeji pengine, maana kama mmoja amejua, basi siri imevuja. Tulibishana mpaka muda wa simu ukaisha, tukaunganishwa tena. Mimi nilimwambia kwamba yule mama ndiye msomaji aliyekuwa akimwandikia, na kwamba akimgeuzia mambo katikati ya njia atakuwa anamwadhibu kwa kusoma vizuri. Wale maelfu wengine wasiojua wangeweza kurudi nyuma na kukuta kila kitu mahali pake. Huyu mmoja angerudi nyuma na kukuta amedanganywa. Christie mwenyewe alipotoa The Murder of Roger Ackroyd mwaka 1926 wapo waliolalamika kwamba wamechezewa rafu, lakini ukikisoma mara ya pili unakuta sentensi zote zilisema kweli. Simtaji muuaji, wapo ambao hawajakisoma. Kijana alinisikiliza, akasema atafikiri.

Hakugeuza. Sehemu ya mwisho ilipotoka, barua zilijaza kikapu. Baadhi walidai walijua tangu mwanzo, jambo ambalo wasomaji wote hudai. Bwana wa Tabora, yule wa ufunguo, aliandika mistari miwili tu, kwamba amekagua daftari lake na hana swali. Mama wa Mtwara naye aliandika tena. Alishukuru, kisha akalalamika. Alisema tangu asome hadithi ile, kila akienda msibani anajikuta anahesabu nani ameuliza ilikuwaje na nani hakuuliza, juzi amemtilia mashaka shemeji yake mwenyewe, na kwamba gazeti letu limemharibia misiba.